XM au Sirius? Chaneli iitwayo Ngoma ndiyo iliyonichagulia redio

Wiki iliyopita mpwa wangu aliyeko Columbus, Ohio kanitumia voisi ya WhatsApp, kanunua Honda iliyotumika, gari iko safi tu, sasa kwenye skrini ya redio kuna sehemu imeandikwa SXM, yaani SiriusXM, redio ya kulipia inayotoka kwenye setelaiti, na muuzaji kamwambia anapewa miezi mitatu ya bure, ikiisha alipie mwenyewe. "Anko, hii kitu nilipie au niachane nayo?" Voisi ya sekunde 20. Nikashika simu nimjibu, nikaongea dakika 11, nikafuta, nikaanza upya, ikafika 14. Nikaona basi hili jambo liandikwe, kwa sababu nimekaa nalo moyoni miaka 20 na sijawahi kumsimulia mtu lote kwa pamoja.

Nianzie 2005. Nilikuwa naendesha semi, yale malori makubwa ya trela, natoka Minneapolis nashuka na I-35 mpaka Texas, napakua, napakia, narudi. Hiyo barabara inaanzia Duluth juu kabisa kule Minnesota na inaishia Laredo mpakani na Mexico, mimi mara nyingi nilikuwa naishia Dallas, mara chache nafika mpaka huko Laredo kwenyewe. Des Moines, Kansas City, Wichita, Oklahoma City, halafu Dallas. Kwa mtu ambaye hajawahi kufanya kazi hii, tatizo kubwa la safari siyo usingizi wala mgongo, ni ukimya. Redio ya FM unaishika vizuri maili 50, 60, halafu inaanza kukwaruza, unaitafuta nyingine, ukishaipenda nayo inaondoka. Usiku AM zinafika mbali sana, unaweza ukawa Kansas unasikia stesheni ya jiji lililoko majimbo mawili nyuma, ila unachosikia ni mhubiri, au bei ya mahindi na soya, au watu wanabishana siasa kwa hasira mpaka unachoka wewe msikilizaji. Sisemi ni vibaya, wenye nchi wanavipenda na ni haki yao. Mimi vilikuwa vinanikumbusha tu kwamba niko mbali na kwetu.

Kaseti nilikuwa nazo, na sidii. Lakini mtu akikaa barabarani siku 5 mfululizo anazimaliza zote, anazirudia, mwishoni anajua hata wimbo unaofuata utaanza sekunde ya ngapi. Redio ina kitu ambacho kaseti haina: kuna mtu mwingine sehemu fulani kaamua akupigie huu wimbo saa hii, wewe hukujua unakuja.

Wakati huo ndo redio za setelaiti zilikuwa zimepamba moto Marekani. Zilikuwa mbili tu nchi nzima, XM na Sirius. XM makao yake Washington DC, Sirius iko New York. Serikali ilipiga mnada masafa mwaka 1997, kila mmoja akalipa dola milioni 80 na kitu ili apate kipande chake cha hewa, halafu wakaenda kutengeneza setelaiti. Sirius ilirusha tatu mwaka 2000, kwa roketi za Kirusi za Proton kutoka Baikonur, kule Kazakhstan. XM ikarusha mbili mwaka 2001, moja inaitwa Rock, nyingine Roll. XM ndo ilianza kusikika, Septemba 2001 (ilikuwa waanze tarehe 12, siku moja baada ya yale mashambulizi, ikabidi wasogeze mbele wiki mbili hivi), Sirius ikafuata Februari 2002 kwa miji minne kwanza.

Sasa jambo la kwanza ambalo mpwa wangu na vijana wa rika lake hawalijui kabisa: ulikuwa huwezi kuwa na zote mbili kwenye redio moja. Redio ya XM haishiki Sirius, ya Sirius haishiki XM. Ni kama ving'amuzi kule nyumbani, ukishanunua cha huyu ndo umeoa, ukitaka mpira ulioko kwa mwenzake unanunua king'amuzi kingine na kifurushi kingine. Na gari nalo lilikuwa linakuchagulia. GM na Honda walikuwa upande wa XM, Ford na Chrysler na BMW upande wa Sirius. Kwa hiyo jamaa ananunua gari kwa sababu ya injini na bei, kumbe hapo hapo kashachaguliwa redio ya kusikiliza miaka 10 ijayo bila kuulizwa.

Mimi lori langu halikuwa na yoyote, lilikuwa na redio kaseti ya kawaida, kwa hiyo nilikuwa huru. Na uhuru huo ulinisumbua miezi miwili mizima. Nilikuwa nikipata siku ya mapumziko naenda duka la vifaa vya elektroniki nasimama pale mbele ya shelfu mbili zinazotazamana, huku XM, huku Sirius, nashika kimoja narudisha. Bei haikusaidia kitu. Zamani kidogo XM ilikuwa dola 9.99 kwa mwezi na Sirius 12.95, watu wengi walikuwa wanaamua hapo hapo, lakini Aprili 2005 XM nao wakapanda mpaka 12.95, basi wakawa sawa mpaka senti. Dola 13 kwangu ilikuwa siyo hela ya kutupa. Nilikuwa natuma nyumbani kila mwezi na kila dola niliyobaki nayo ilikuwa na kazi yake.

Kwa hiyo nikaanza kuuliza madereva. Na hapo nilijifunza kitu kuhusu anga ambacho mpaka leo nakipenda, ngoja nikieleze taratibu.

Setelaiti za XM zilikuwa zimesimama juu ya mstari wa ikweta, kilomita kama 36,000 kwenda juu. Nasema zimesimama, kumbe zinakwenda na mwendo ule ule wa dunia inavyozunguka, kwa hiyo wewe ukiwa chini unaona haziondoki mahali pake. Sasa ikweta inapita kwetu, pale Kenya na Uganda, sisi setelaiti ya aina hiyo inaweza kuwa karibu na utosi. Ila mtu aliyeko Minnesota yuko mbali kaskazini, kwake zinaonekana chini upande wa kusini, hazifiki hata nusu ya mbingu. Maana yake mti mrefu, jengo, kilima, chochote kilichoko kusini kwako kinaweza kukukatia. XM walilijua hilo, ndo maana wakajenga minara ya kurudia mawimbi mijini, karibu 800 huko mwanzoni, ili ukiwa katikati ya maghorofa ya Chicago uendelee kusikia.

Sirius walifikiri tofauti kabisa. Wao setelaiti zao tatu hazikusimama, zilikuwa zinazunguka kwa njia iliyovutika kama yai, zimepangwa hivi kwamba kila moja inakaa saa kama 16 upande wa kaskazini juu ya Amerika, halafu inashuka kusini saa 8, na wakati inashuka mwenzake kashapanda. Muda wote kuna mbili juu. Na zinapokuwa juu ziko juu kweli, siyo pembeni, kwa hiyo mtu wa kaskazini mwenye misonobari kila upande alikuwa na nafasi nzuri zaidi, na minara ya ardhini hawakuhitaji mingi namna ile. Nilipoelewa hili nilikaa kwenye kiti cha lori nikatazama juu kupitia kioo nikastaajabu, kwamba kuna watu walikaa mezani na karatasi wakabishana setelaiti zisimame au zizunguke, kwa ajili ya mimi nisikie muziki.

Wote wawili walikuwa na ujanja mmoja wa pamoja: kipindi kile kile kinatumwa mara mbili, mara ya pili kimecheleweshwa sekunde kama 4, redio yako inashika zote na kuweka akiba. Ukipita chini ya daraja, mawimbi yanakatika, ila wewe husikii chochote kwa sababu redio inakupigia ile akiba. Kwenye madaraja matano mpaka kumi ya mwanzo nilikuwa nahesabu nikiingia chini yake, moja, mbili, tatu, nimeshatoka, wimbo unaendelea.

Basi kwa anga tu, ungeniuliza mtu wa Duluth kwenye misitu ningekwambia Sirius bila kusita. Lakini njia yangu mimi ni Iowa, Kansas, Oklahoma. Hakuna miti. Pale Flint Hills, kati ya Emporia na El Dorado, ni majani tu mpaka macho yanapoishia, ng'ombe mmoja mmoja, na mbingu. Kwa hiyo hoja ya anga nikaiweka pembeni, haikuwa ya kwangu.

Ikabaki kilichomo ndani. Na hapa matangazo yalikuwa yanakupigia kelele. Oktoba 2004 Sirius walimsaini Howard Stern, mtangazaji wa New York, kwa dola milioni 500 kwa miaka mitano, aanze Januari 2006. Nusu bilioni! Madereva Wamarekani kule vituoni walikuwa hawaongei kingine, kuna waliokuwa wanahama XM kwa ajili yake na kuna walioapa hawataigusa Sirius kwa ajili yake huyo huyo. Sirius walikuwa na NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, XM wakachukua besiboli yote kuanzia msimu wa 2005. Kuna mzee mmoja mweusi wa Kansas City, dereva wa miaka mingi, alinishauri kwa upole kabisa, "chukua besiboli kijana, mechi ni ndefu na ziko kila siku, utafika Dallas hujachoka." Ushauri mzuri, na kwa mtu aliyekulia na mchezo huo naamini ni dawa. Mimi besiboli nilikuwa sijui hata mtu anapataje pointi.

BBC World Service ilikuwepo kote kote, ya Kiingereza. Muziki bila matangazo kote kote. Nikawa nimekwama tena.

Ikaja usiku mmoja kituo cha malori Missouri, kaskazini kidogo ya Kansas City. Baridi kali. Nimeegesha, nashuka kwenda kununua kahawa, napita kati ya malori mawili, nikasikia gitaa. Siyo gitaa la kantri. Gitaa la sebene, lile la Kikongo, la juu, linalozunguka zunguka kama maji yanachemka, na ngoma chini yake, na mtu anaita majina ya watu. Nikasimama. Nadhani nilisimama dakika nzima kwenye ile baridi na mikono mifukoni. Unajua muziki ule kwetu unasikika wapi? Kila mahali. Kwenye daladala, kinyozi, kwenye harusi saa 7 usiku wazee wameshavua makoti. Hujawahi kuuwaza, upo tu kama hewa. Mpaka uukose miaka mitano halafu uje uusikie kati ya malori mawili Missouri.

Nikagonga mlango. Akafungua Mhabeshi, mtu mzima, kavaa sweta mbili. Sikujua nianze na salamu gani, nikaonyesha tu redio kwa kidole. Akacheka akasema, "Ngoma."

Nikadhani kasikia vibaya, au kaniuliza natoka wapi. Akarudia, "Ngoma, Ngoma, XM," akaigeuza ile redio ndogo aliyoibandika kwenye dashibodi nikasoma mwenyewe kwenye kioo chake cha bluu: NGOMA. Neno letu. Limeandikwa kwenye redio ya Marekani, herufi kubwa, bila tafsiri. Nikamwambia hili ni neno la Kiswahili, na siyo Kiswahili peke yake, ukienda Kongo, ukienda Zambia, ukienda kwa Wazulu kule chini unalikuta. Yeye alikuwa anajua tu ni jina la chaneli. Tukakaa kwenye lori lake saa nzima na injini inaunguruma, tukasikiliza, wimbo mmoja wa Mali, mmoja wa Afrika Kusini, mmoja wa kwao akaufuatisha kwa sauti ya chini macho kafumba. Jina lake silitaji hapa, ila kama uko hai kaka yangu na unasoma Kiswahili siku hizi, ile kahawa bado unanidai.

Kesho yake nilinunua XM.

Baadaye nilikuja kujua ile chaneli imetoka wapi, na hapo ndo habari iliponigusa upande mwingine. Ngoma ilikuwa inatoka kwa WorldSpace. Wakubwa wa Nairobi na Dar wataikumbuka hiyo. Ni kampuni aliyoianzisha Noah Samara, mzaliwa wa Addis Ababa, mwaka 1990, ndoto yake ikiwa kuifikishia Afrika redio safi kutoka angani, na Oktoba 1998 wakarusha setelaiti ya AfriStar kwa ajili ya bara letu. Miaka mitatu kabla ya XM kusikika! Wenyewe WorldSpace walikuwa kati ya wawekezaji wa mwanzo wa XM. Kwa hiyo hii redio ya setelaiti ambayo watu wanadhani ni kitu cha Marekani tupu, Afrika ilikuwa nayo kwanza na mkono wa mtu wa Afrika umo ndani yake.

Na mimi nilikuwa nimeshaiona kwa macho yangu bila kujua. Baba mdogo wangu alikuwa anaishi Nairobi, mtaa wa Eastleigh, nilipomtembelea kabla sijasafiri alikuwa na redio ya WorldSpace juu ya kabati, ina kiantena bapa kama kifuniko cha sufuria, kimewekwa dirishani kinaangalia juu upande wa magharibi. Mtu haruhusiwi kukigusa. Mtoto akikisogeza hata kidogo sauti inakatika na baba mdogo anaita jina lake lote mpaka la babu. Alikuwa anasikiliza habari asubuhi na muziki jioni, anasema redio hii haina mkwaruzo hata mvua ikinyesha. Mimi nilidhani ni anasa ya mzee mwenye hela. Miaka mitano baadaye niko Kansas saa 8 usiku nasikiliza chaneli kutoka kampuni ile ile.

Kuifunga kwenye lori ilikuwa shughuli. Antena za magari madogo zina sumaku, unaibandika kwenye paa imeisha. Lori langu kichwa chake paa ni faibaglasi, sumaku haishiki. Ikabidi nitafute antena ya kufunga kwenye bomba la kioo cha pembeni. Duka la kwanza nililokwenda fundi aliifunga upande mmoja tu, na kichwa cha lori ni kirefu, nikiwa nakwenda upande ambao paa linasimama kati ya antena na kusini sauti inakatika katika. Na waya kaupitisha mlangoni bila kinga, baada ya wiki mbili mlango ukaukata. Nililia hela yangu. Dereva mwenzangu Msomali wa Minneapolis akanisaidia bure, akafunga antena mbili, moja kila kioo, waya ukapita kwa chini. Tangu siku ile haikusumbua.

Halafu kuna suala la kuingiza sauti kwenye redio ya lori. Njia moja ni kile kitransmita kidogo cha FM, unatafuta masafa matupu, mfano 88.1, redio inayasoma. Inafanya kazi vizuri porini. Ukiingia mji mkubwa kuna stesheni imekalia hapo hapo, wimbo wako unavamiwa na mhubiri katikati. Njia bora ilikuwa ile kaseti ya bandia yenye waya, unaichomeka kwenye tundu la kaseti basi. Yeyote mwenye gari la zamani, hiyo bado ni njia nzuri mpaka leo, hata kwa simu.

Sasa niseme ilivyokuwa, maana hapa ndo penyewe. Kuna usiku wa Januari, niko Flint Hills, theluji nyembamba inapita barabarani kama vumbi, hakuna gari mbele wala nyuma. Ngoma ikapiga tarabu. Zeze, kinanda, na sauti ya mama wa Kiswahili, maneno yale ya mafumbo, na nikayaelewa yote. Unajua miaka ile mimi siku nzima naongea Kiingereza cha kazini, dispacha, mpakuaji, mtu wa mizani. Kuelewa neno bila kujitahidi ni kama kuvua viatu. Mama yangu alikuwa mtu wa tarabu, shughuli za mtaani alikuwa hakosi, kanga mbili na manukato. Nilipofika eneo la kupumzikia nikaegesha nikanunua vocha ya kupigia simu nje, zile kadi za dola 5 unakwangua namba. Saa 8 usiku Kansas ni saa 5 asubuhi Tanzania wakati wa baridi. Akapokea kwa hofu, "kuna nini mwanangu?" Nikamwambia hakuna kitu mama, nimesikia tarabu redioni. Huku? Huku. Kwa Wazungu? Kwa Wazungu. Akanyamaza kidogo halafu akaniambia nimwimbie nilichosikia, nikamwimbia, akanirekebisha maneno. Vocha iliisha tunaimba.

Mama alifariki 2009. Ile simu ni moja ya vitu nilivyonavyo.

Ndo maana watu wakiniuliza XM na Sirius ipi ilikuwa bora mimi siwezi kuwajibu kwa idadi ya chaneli. Ukihesabu, zilikuwa karibu sawa. Mwisho wa 2006 XM ilikuwa na wateja kama milioni 7.6 na Sirius milioni 6, zote zinatumia hela kuliko zinavyoingiza, zinanyang'anyana mastaa kwa mamilioni. Februari 2007 zikatangaza kuungana. Serikali ikajadili karibu mwaka mmoja na nusu, kama ni halali wapinzani wawili pekee kuwa kitu kimoja, wakakubaliwa Julai 2008 kwa masharti, mojawapo bei isipande kwa miaka mitatu. Novemba mwaka huo orodha za chaneli zikaunganishwa.

Ngoma haikuwemo kwenye orodha mpya. Na mwezi mmoja tu kabla, Oktoba 2008, WorldSpace wenyewe walikuwa wamekwenda mahakamani kuomba kinga ya kufilisika. Baba mdogo kule Nairobi naye redio yake mwishowe ikanyamaza. Hakuitupa. Nilipokwenda 2011 ilikuwa pale pale juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na kile kiantena bado dirishani kinaangalia magharibi. Sina wa kumlaumu, biashara ilikuwa ngumu kila upande, lakini niliumia, na naona ni haki niseme niliumia. Redio ya kulipia unakodi kiti tu, mwenye nyumba anaweza kuondoa meza uliyokuwa unaipenda na hakuna mkataba unaokulinda.

Haya, nirudi kwa mpwa wangu maana yeye anasubiri jibu.

Leo kampuni ni moja, SiriusXM, kwa hiyo lile swali letu limekufa. Mpinzani wake ni simu iliyoko mfukoni kwako. Na kwenye simu unapata stesheni za nyumbani moja kwa moja, Dar, Zanzibar, Mombasa, habari za BBC kwa Kiswahili, muziki wowote ule. Kama kijana unaendesha dakika 20 kwenda kazini ndani ya Columbus, mtandao upo kila kona, mimi sioni sababu ya kulipia. Maliza miezi yako ya bure, furahia, basi.

Ila kama utaanza kwenda mbali, nisikilize. Magharibi ya Kansas, Wyoming, Montana, kuna sehemu simu inaonyesha haina hata mstari mmoja kwa saa nzima, na hapo ndo mtu anahitaji sauti kuliko mahali pengine popote. Setelaiti haijali mnara uko wapi. Mtu wa lori, mtu wa safari ndefu za usiku, mtu anayefuatilia NBA na NFL barabarani, huyo ana sababu. Na akilipia, bei iliyoandikwa siyo bei ya mwisho, piga simu uulize ofa, wanazo. Na ujue kujitoa kulikuwa kugumu kiasi kwamba mwanasheria mkuu wa jimbo la New York aliwafungulia kesi Desemba 2023 juu ya hilo hilo, kwa hiyo usiwape namba ya kadi kwa ajili ya kitu cha bure, na weka kumbukumbu kwenye simu siku ya mwisho ni lini.

Halafu fanya jambo moja kabla hujaamua. Chukua usiku mmoja, toka nje ya mji, I-70 ile kwenda magharibi, zima simu kabisa, zungusha chaneli zote pole pole. Usitafute ile uliyoambiwa ni nzuri. Sikiliza kama kuna moja inayokufanya upitilize eksiti yako.

Nimemsomea yote haya jana kwa simu. Akasikiliza mpaka mwisho, hakunikatisha, kitu ambacho si kawaida yake. Nikadhani ataniuliza habari za ofa. Akasema, "Anko, kwa hiyo Ngoma kwenye redio yako ulikuwa umeiweka kitufe cha ngapi?"

Cha kwanza, nikamwambia. Na ile redio bado ninayo, iko kwenye boksi chini ya ngazi, na waya zake zote mbili.